Haloperidoli, Largactil, olanzapini, risperidoni: zinakalia viti gani ubongoni, na ipi imfae nani

Ndugu wa mgonjwa wakipewa karatasi ya dawa za kutuliza maruweruwe, swali la kwanza huwa: hii yetu na ile aliyopewa mtoto wa jirani, ipi kali zaidi? Kwa kazi ya kunyamazisha sauti anazosikia mgonjwa peke yake na kumtoa kwenye imani kwamba anawindwa, dawa nne zinazoandikwa zaidi kwetu, yaani haloperidoli, klopromazini (wengi wanaijua kwa jina la Largactil), olanzapini na risperidoni, hazipishani sana zikitolewa kwa vipimo vinavyolingana. Klozapini ndiyo inayozizidi, nayo ina masharti yake.

Zinapishana kwingine. Moja itamkakamaza shingo, nyingine itamnenepesha, ya tatu itamkatia hedhi, ya nne itamwangusha akiinuka kitandani alfajiri. Na dawa hizi humezwa kwa miaka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2005 uliwafuata wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) karibu 1,500 kwa miezi 18. Wagonjwa 74 kati ya kila 100 waliacha dawa waliyoanzishiwa kabla ya muda kwisha. Waliopewa olanzapini walidumu zaidi kidogo (waliacha 64 kati ya 100), lakini hao hao ndio walionenepa kuliko wote. Perfenazini, dawa ya zamani ya kundi moja na Largactil, haikuachwa mbali na dawa mpya za bei kubwa. Kwa hiyo ulinganisho wenye maana ni wa madhara: yapi mgonjwa huyu anaweza kuishi nayo, na yapi yatamfanya azitupe dawa chooni mwezi wa pili.

Viti vya barazani

Chukulia vipokezi vya ubongo kama viti vya baraza. Dopamini, kemikali inayopeleka habari kati ya seli za ubongo, akikaa kwenye kiti chake, anasema, na seli inayofuata inasikia. Haloperidoli akiwahi kiti hicho, anakaa kimya. Hasemi neno, na dopamini akija hana pa kukaa. Kiti kinachohusika hapa kinaitwa D2, na dawa zote zinazotibu maruweruwe kwa kawaida hukikalia, kila moja kwa namna yake. Aripiprazoli, dawa nyingine ya kundi hili, ina tabia ya pekee: ikikaa, hunong'ona. Panapokuwa na kelele hupunguza, panapokuwa kimya huacha sauti kidogo.

Shida ni kwamba baraza za dopamini ziko nne, na dawa haichagui iingie ipi. Ya kwanza ni njia inayopanda kutoka katikati ya ubongo kwenda sehemu za hisia na hamu. Dopamini ikizidi huko, mambo ya kawaida yanajaa maana: mtangazaji wa redio anamsema yeye, gari lililopaki nje limemfuata yeye. Hapa ndipo tunapotaka dawa ifanye kazi. Njia ya pili inakwenda ubongo wa mbele, kwenye kupanga na kujituma. Kwa wagonjwa wengi dopamini huko ni pungufu tayari, na ndiyo sababu sauti zinanyamaza lakini kijana anabaki amekaa ukutani hana ari. Dawa nyingi hazisaidii hilo, na dozi ikizidi zinalizidisha. Ya tatu husimamia mwendo wa viungo; ukiifunga sana unapata kutetemeka na kukakamaa kama kwa mzee mwenye Parkinson. Ya nne hushuka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ambako dopamini ndiyo inayozuia homoni ya maziwa, prolaktini. Kizuizi kikiondoka, maziwa yanatoka kwa asiye na mtoto.

Picha za ubongo za watu wanaotumia dawa hizi zimetupa namba za kushika. Mgonjwa huanza kupata nafuu pale takriban asilimia 60 hadi 65 ya viti vya D2 vinapokaliwa. Ikivuka 72 hivi, prolaktini hupanda. Ikivuka 78 hadi 80, mikono inaanza kutetemeka. Uwanja wa kuchezea ni mwembamba, na haloperidoli huufikia upesi: kwa mtu anayeanza matibabu, miligramu 2 hadi 5 kwa siku mara nyingi zinatosha kuujaza. Ndiyo maana kupandisha kutoka 10 kwenda 20 kwa sababu "bado hajatulia" aghalabu hakuleti utulivu, kunaleta mwili mgumu kama ubao. Viti vilishajaa. Kinachobaki ni kusubiri, maana viti hukaliwa ndani ya saa chache lakini imani potofu huchukua wiki kulegea. Usingizi na fujo hupungua siku za mwanzo. Sauti na hofu hupungua polepole kwa wiki 2 hadi 6.

Miligramu zinadanganya

Mama akiona mwanawe amehamishwa kutoka klopromazini miligramu 200 kwenda haloperidoli miligramu 5, anasema dozi imepunguzwa. La, imepandishwa kidogo. Haloperidoli hung'ang'ania kiti cha D2 kwa nguvu, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha. Klopromazini hukaa kwa ulegevu, nayo hutaka wingi. Vipimo vinavyolingana ni vya makadirio, lakini vinasaidia kusoma karatasi:

| | Haloperidoli | Klopromazini | Olanzapini | Risperidoni |
|---|---|---|---|---|
| Kipimo kinacholingana | 2 mg | 100 mg | 5 mg | 1 hadi 2 mg |
| Dozi ya kawaida kwa siku | 2 hadi 10 mg | 75 hadi 300 mg, wengine zaidi | 5 hadi 20 mg | 2 hadi 6 mg |
| Kukakamaa na kutetemeka | sana | kiasi | kidogo | kiasi. Sana ikizidi 6 mg |
| Usingizi | kidogo | sana | sana mwanzoni | kidogo |
| Kunenepa | kidogo | kiasi | sana | kiasi |
| Presha kushuka ukisimama | kidogo | sana | kidogo | kiasi, siku za mwanzo |
| Prolaktini kupanda | ndiyo | ndiyo | kidogo | sana |

Haloperidoli

Ni dawa ya mwaka 1958, kutoka maabara ya Paul Janssen kule Ubelgiji. Haigusi viti vingine vingi. Haimlazi mtu sana, haimpandishii sukari sana, ni ya bei ndogo, na hata zahanati ya mbali inaweza kuwa nayo. Mzigo wake wote uko kwenye baraza ya mwendo, na huko kuna mambo manne yasiyofanana yanayotibiwa tofauti. Kuyachanganya ndilo kosa kubwa kuliko yote tunayoyaona kwenye matumizi ya dawa hii.

La kwanza hutokea ndani ya saa chache hadi siku 5, zaidi kwa vijana wa kiume. Shingo inajipinda upande mmoja, macho yanageuka juu na kubaki huko, taya linafunga au ulimi unatoka nje. Mtu ana akili zake timamu na anaogopa. Familia nyingi hapa huita mganga, kwa sababu linavyoonekana ni kama jini limepanda. Ni misuli tu, na sindano ya promethazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli, au ya biperideni, hulifungua kwa kawaida ndani ya nusu saa. Koo likikaza hata kupumua kukawa tabu, hilo ni la kukimbiza hospitali. (Metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika, hukalia D2 hiyo hiyo na inaweza kumpinda shingo msichana ambaye hajawahi kuugua akili. Mtu akija amepindika, uliza pia alimeza nini cha kichefuchefu.)

La pili ni kutotulia. Mgonjwa hawezi kukaa, anainuka, anapiga hatua papo hapo, anasema miguu "inawasha kwa ndani". Hutokea siku au wiki chache baada ya kuanza au kuongezwa dozi. Muuguzi au kaka mtu akiona hivyo hudhani ugonjwa umepanda, anaongeza haloperidoli, na hali inazidi. Njia ya kuyatofautisha ni kumuuliza: "Unatembea kwa sababu sauti zinakuamrisha, au kwa sababu mwili haukubali kukaa?" Ikiwa ni mwili, dozi hupunguzwa, na propranololi miligramu 20 hadi 40 mara mbili kwa siku husaidia, isipokuwa kwa mwenye pumu. Artane, kidonge cha kutuliza kutetemeka, kwa hili haina msaada mkubwa. Usilidharau hata kidogo: watu wamejaribu kujiua kwa sababu ya hali hii peke yake.

La tatu ni kutetemeka, uso kukosa tabasamu, hatua fupi za kuburuta, mate. Huja kwa wiki kadhaa. Kwanza punguza dozi. Ikishindikana ndipo Artane, yaani trihexifenidili, miligramu 2 hadi 5 mara moja au mbili kwa siku, mchana, kwa sababu ikimezwa usiku humnyima mtu usingizi. Artane hufunga viti vya asetilikolini, kemikali nyingine inayopeleka habari mwilini, kwa hiyo inakausha mdomo, inafunga choo, inafifisha kumbukumbu, na kwa mzee inaweza kuleta kuchanganyikiwa upya. Kumpa kila mtu tangu siku ya kwanza hadi uzee ni mazoea tu. Baada ya miezi 3 hivi ya utulivu, daktari anaweza kuipunguza aone kama bado inahitajika. Pia ihesabuni nyumbani, maana vidonge hivi vinatafutwa mitaani kwa ajili ya kulewa.

La nne ndilo la kuogopwa kwa muda mrefu: mdomo unaotafuna bila chakula, ulimi unaochungulia, vidole vinavyocheza vyenyewe. Kwa dawa za zamani, takriban mtu mzima 5 kati ya 100 huingia hali hii kila mwaka wa matumizi, wazee zaidi. Ikishaota mizizi huenda isiondoke hata dawa ikiachwa, na Artane huizidisha. Mwambie mgonjwa atoe ulimi na aushikilie nje kwa sekunde 10 kila mnapokwenda kliniki. Ulimi usiotulia ni dalili ya mapema.

Klopromazini, au Largactil

Hii ndiyo iliyofungua ukurasa: Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris mwaka 1952, na dunia ikajua kwamba wazimu unaweza kumezewa kidonge. Inakalia D2, lakini pia inakalia kila kiti kilicho karibu. Histamini H1: usingizi na njaa. Alfa-1 ya mishipa ya damu: presha kushuka ghafla mtu akisimama. Asetilikolini: mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo kuchelewa kwa mzee mwenye tezi dume. Hicho cha mwisho kina faida yake, kwani kufunga asetilikolini kunapunguza kutetemeka. Ni kama dawa imebeba Artane yake kidogo mfukoni.

Inamfaa mgonjwa asiyelala na mwenye fujo, dozi kubwa ikiwekwa usiku. Haimfai mtu anayefanya kazi juani. Ngozi huungua kwa jua kwa urahisi, na mwili hushindwa kujipoza, kwa hiyo mvuvi wa Lamu au kibarua wa mashamba ya mkonge Tanga akiitumia anahitaji kofia pana, mikono mirefu, maji ya kutosha na kivuli saa za mchana. Mwenye kifafa aikwepe akiweza, maana inashusha kizuizi cha degedege kuliko haloperidoli. Macho yakigeuka manjano wiki za mwanzo, iachwe na ini lipimwe. Akichomwa sindano yake, alale chali kwa nusu saa na presha ipimwe kabla ya kuinuka. Wengi walioanguka na kupasuka kichwa waliinuka kwenda chooni dakika 10 baada ya sindano.

Olanzapini

Kidonge kimoja usiku, kutetemeka ni nadra, Artane haihitajiki kwa wengi, na usingizi unarudi. Mgonjwa aliyechoka na haloperidoli akihamia hapa huona amerudishiwa mwili wake. Halafu njaa inaanza. Dawa hii hufunga kwa nguvu kiti cha histamini H1 na kile cha serotonini 5-HT2C, na kushiba kunapoteza maana. Katika ule utafiti wa Marekani wastani ulikuwa kama kilo 0.9 kwa mwezi. Mafuta ya damu na sukari hupanda pia, na wengine hupata kisukari bila kunenepa sana.

Hapa kipimo ni mizani, wala si jicho. Pima uzito na kiuno siku ya kuanza, kisha uzito kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo. Sukari ya kabla ya kula ipimwe mwanzoni, baada ya miezi 3, halafu angalau mara moja kwa mwaka. Mtu wa kilo 60 akiongeza kilo 3 ndani ya mwezi wa kwanza, yaani asilimia 5, huyo ataendelea kunenepa, na ni bora kubadili mapema kuliko kungoja afike kilo 90. Soda na chai ya sukari nyingi ndizo za kwanza kuondoka nyumbani, kwa sababu njaa ya olanzapini hupenda vitamu, na mgonjwa hataweza kuizuia kwa nia tu.

Kuna jambo la sigara ambalo watu hawaambiwi. Moshi wenyewe, si nikotini, huamsha kimeng'enya cha ini kinachochoma olanzapini na klozapini. Mgonjwa aliyelazwa wodi isiyoruhusu sigara anapata dozi inayomtosha; akirudi nyumbani na pakiti yake, dawa ile ile inapungua damuni na sauti zinarudi, watu wanasema hamezi. Kinyume chake, mvutaji akiacha ghafla, dawa inapanda, anasinzia siku nzima. Mwambieni daktari pande zote mbili.

Risperidoni

Iko katikati. Kwa miligramu 2 hadi 4 inakalia kiti cha serotonini 5-HT2A kwa nguvu zaidi ya D2, na huo ulegezaji huacha baraza ya mwendo ipumue kidogo. Anza na miligramu 1, ongeza kwa siku kadhaa, kwa sababu siku za mwanzo presha hushuka. Ikipita 6 inageuka kuwa haloperidoli ya bei ghali.

Udhaifu wake ni prolaktini, kuliko zote hapa. Hedhi inakatika, maziwa yanatoka, matiti ya kiume yanavimba, na hamu ya tendo la ndoa inaisha. Hili la mwisho wanaume hawalisemi mbele ya mama zao. Wanaacha dawa kimyakimya. Daktari amuulize akiwa peke yake. Kwa mwanamke, hedhi ikikosa pima mimba kwanza, usiisingizie dawa. Na akihamishwa kutoka risperidoni kwenda olanzapini, uzazi hurudi pengine kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, kwa hiyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yafanyike siku ile ile ya kubadili dawa.

Sindano ya mwezi

Flufenazini dekanoeti, Modecate kwa wengi, ni ndugu wa dawa za zamani aliyeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta ili atoke polepole. Inamfaa anayesahau au anayeficha vidonge chini ya ulimi. Kwa madhara iweke pamoja na haloperidoli. Huanza na miligramu 12.5 za kujaribia, kisha 12.5 hadi 50 kila wiki 2 hadi 4, ndani kabisa ya msuli wa kalio. Bomba na sindano viwe vikavu. Unyevu huichafua dawa ikawa na ukungu. Mwenye mzio wa ufuta asichomwe. Na asichomwe mtu ambaye hajawahi kujaribu vidonge vya aina hiyo: kidonge ukikiacha leo kesho kimepungua, lakini sindano ikishaingia, shingo iliyopinda itakuwa inarudi rudi kwa wiki kadhaa na hakuna wa kuitoa.

Klozapini inapokuja

Huja baada ya dawa mbili tofauti kushindwa, kila moja kwa dozi ya kutosha na wiki 6 za kumeza kweli. Utafiti wa mwaka 1988 uliwapa wagonjwa sugu klozapini au klopromazini: waliopata nafuu walikuwa 30 kati ya 100 kwa klozapini na 4 tu kwa nyingine. Ajabu yake ni kwamba inakalia viti vya D2 chini ya asilimia 60 kwa kawaida, na haing'ang'anii. Kwa nini inashinda hakuna aliyeeleza kikamilifu.

Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa walikufa Ufini kwa sababu chembechembe nyeupe za damu ziliisha, na tangu hapo haitolewi bila kipimo: kila wiki kwa wiki 18, kisha kila wiki 2 hadi mwaka uishe, halafu kila mwezi, kwa utaratibu uliozoeleka Uingereza. Huanza na miligramu 12.5. Akikosa dozi kwa zaidi ya saa 48 anarudi mwanzo, 12.5 tena, la sivyo presha inaweza kuporomoka. Mate hulowesha mto. Kufunga choo ndiko kunakodharauliwa ilhali kunaua, kwa hiyo kutopata choo siku 3 ni sababu ya kwenda hospitali. Anayeishi mbali na maabara inayotoa majibu siku hiyo hiyo, dawa hii si yake bado, hata kama ingemfaa.

Nani apewe nini

Kijana wa miaka 20, mara ya kwanza, mwembamba: risperidoni miligramu 2, au haloperidoli isiyozidi 5 kama ndiyo inayopatikana kila mwezi. Neno "kila mwezi" lina uzito hapa. Olanzapini inayokosekana wiki mbili katika kila nne ni mbaya kuliko haloperidoli isiyokatika.

Mwenye kisukari au mnene tayari: haloperidoli kwa dozi ndogo, au aripiprazoli ikipatikana. Olanzapini na klozapini ziwe za mwisho.

Anayetibiwa TB: rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini na kuiyeyusha haloperidoli damuni, na risperidoni pia. Tegretol ya kifafa hufanya hivyo hivyo, na olanzapini haisalimiki. Dozi zinaweza kuhitaji kupanda, na kushuka tena wiki chache baada ya TB kupona. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika.

Mjamzito au anayenyonyesha: haloperidoli au klopromazini kwa dozi ya chini ndizo zenye historia ndefu zaidi ya matumizi. Kuacha ghafla kwa kuogopea mtoto ni hatari kwa wote wawili.

Mwenye moyo mbovu, au anayewekewa kwinini ya mshipa kwa malaria kali: haloperidoli na kwinini zote hurefusha mpigo wa umeme wa moyo. Anayeandika moja ajue habari za nyingine.

Mzee aliyeanza kusahau na kupiga kelele usiku ni habari nyingine kabisa. Dawa hizi zote huongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwanza tafuta mkojo wenye maambukizi, maumivu, choo kilichofunga.

Na anayetafuna mirungi, miraa au muguka. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi hufukuza dopamini kutoka ghalani mwake na kuimwaga barazani. (Huharibika upesi majani yakinyauka, ndiyo sababu miraa ya Meru hufungwa kwenye majani ya mgomba na magari yake hayangoji mtu.) Dawa inakalia viti, mirungi inaleta umati mlangoni. Familia inaona mgonjwa hapati usingizi, inaomba dozi iongezwe, mwili unakakamaa, na usingizi bado hapati. Hakuna dawa kati ya hizi inayoshinda kilo ya miraa. Bangi haipiti njia hiyo, yenyewe hukalia viti vya CB1, lakini mwisho wake kwenye maruweruwe ni ule ule.

Homa isiyo malaria

Mgonjwa wa dawa yoyote hapa akipata homa kali, mwili mgumu kama bomba, jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa kwa namna mpya, simamisha dawa na mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Hutokea kwa wachache, mara nyingi wiki 2 za mwanzo au baada ya dozi kupandishwa kwa haraka. Kwetu huanza kwa kupewa dawa ya mseto na kurudishwa nyumbani. Kinachoitofautisha ni ugumu: mkunje kiwiko, ukihisi unakunja kitu kinachokataa mwanzo hadi mwisho, taja jina la dawa anazomeza kabla hujasema neno malaria.

Kubadili bila kuanguka

Usiache moja leo ukaanza nyingine kesho kwa uamuzi wa nyumbani. Mfano wa mpangilio ambao daktari anaweza kuandika, kutoka haloperidoli miligramu 10 kwenda olanzapini: wiki ya kwanza haloperidoli ibaki 10 na olanzapini 5 iongezwe usiku, ya pili haloperidoli 5, olanzapini 10, ya tatu haloperidoli 2.5, olanzapini 10. Ya nne haloperidoli inaisha. Artane haiondoki siku moja na haloperidoli. Ibaki wiki moja au mbili zaidi, kisha ishuke kidogo kidogo, kwani haloperidoli hukawia kutoka vitini na Artane ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, jasho na kukosa usingizi ambavyo watu huvidhania kuwa ugonjwa umerudi. Baada ya mkasa wa kwanza, hesabu angalau miezi 12 ya kumeza tangu siku alipotulia kabisa, ndipo mzungumze na daktari juu ya kupunguza. Andikeni kwenye daftari moja tarehe, dozi, uzito na saa za usingizi, na daftari hilo liende naye kliniki kila mara.